Mkataba wa Milango ya Kasri la Haki

Msomaji asijisumbue kuitafuta Jamhuri ya Nyamazia kwenye ramani. Wapima ardhi walikwenda huko zamani, wakaulizwa wanapima kwa nia gani na wametumwa na nani, wakaona heri waache pengo jeupe warudi kwao. Wenyeji husema ni nchi nzuri sana, na wakishasema hivyo hugeuka nyuma kuangalia nani amesikia.

Fahari kubwa ya Nyamazia ilikuwa Sheria ya Kuaminiana. Ilisema kwamba Serikali na raia wanapendana kama mzazi na mwanawe, na hakuna mzazi anayeandikiana na mwanawe. Kwa hiyo raia alikatazwa kabisa kudai maandishi kwa Serikali, maana anayedai maandishi ana shaka, na mwenye shaka ana lake jambo. Na ili kuhakikisha kwamba watu wanaaminiana ipasavyo, Serikali iliweka wapelelezi katika kila mtaa.

Kwenye mtaa mmoja pembezoni mwa mji mkuu, unaoitwa Kwa Mapande, aliishi seremala aitwaye Chande Mbwera. Hakutengeneza vitanda wala makabati. Alitengeneza milango tu, na kwa nchi ile kazi hiyo haikukauka, kwani kila mtu alitaka mlango mzito usiopitisha sauti. Ilisemekana ukifunga mlango wa Chande unaweza kugombana na mkeo kutwa nzima, na jirani akadhani mmesafiri. Karakana yake na nyumba yake vilikuwa katika kiwanja kimoja alichorithi kwa baba yake. Kiwanja hakikuwa na hati, kama viwanja vyote vya mtaa ule, na jambo hilo lilimkosesha Chande raha hata anapokula.

Ndipo siku moja likasimama pale gari jeusi, akashuka Mheshimiwa Pazi Lugome, Mkurugenzi wa Ufunguzi na Ufungaji katika Wizara ya Majengo Matukufu. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na sauti ndogo. Alinong'ona tu, mahali popote na kwa jambo lolote, hata akiagiza chai, na hivyo kila aliyezungumza naye alijikuta ameinama mbele yake.

"Fundi," alinong'ona, huku Siwema, mke wa Chande, akimmiminia kahawa, "Taifa linajenga Kasri la Haki. Majaji watahitaji faragha. Taifa linataka milango yako."

"Mingapi, Mheshimiwa?"

"Yote."

"Nami nitapata nini?"

"Hati ya kiwanja hiki. Ukishafunga mlango wa mwisho, hati unayo mkononi. Hakuna atakayekugusa, wewe wala wajukuu zako."

Randa ilimponyoka Chande. "Basi tuandikiane," alisema, na neno likawa limeshatoka.

Lugome aliweka kikombe chini polepole. "Tuandikiane?"

Siwema aliacha kumimina.

"Natania, Mheshimiwa."

"Ah." Lugome alitabasamu, akamtazama kwa muda mrefu kuliko utani ule ulivyostahili. "Nami nimecheka. Umekubali?"

"Nimekubali."

Wakashikana mikono, na lile gari jeusi likaondoka.

Chande alitengeneza milango ile kwa mninga uliokauka vizuri, akaijaza pamba ndani, akaifunga bawaba zisizolia. Siku ya uzinduzi alikuja Baba wa Imani mwenyewe, yaani Kiongozi wa nchi. Alifungua mlango mkubwa, watu wakapiga makofi. Akaufunga, wakapiga makofi zaidi. "Mlango huu ni mkubwa kwa sababu haki ni kubwa," alihutubia. "Na umefungwa kwa sababu haki ni jambo la ndani." Magazeti yote yaliichapa hotuba hiyo kamili, na mhariri mmoja aliyesahau neno "kubwa" mahali pamoja alipewa likizo, na mpaka leo hajarudi.

Hati haikuja. Badala yake walikuja vijana wenye kopo la rangi, wakachora alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa karakana, na kwenye kuta za majirani wote. Waliulizwa maana yake, wakajibu kwamba ni pambo.

Chande alifunga safari hadi ofisini kwa Lugome, ambaye sasa alikuwa amehamia katika Kasri.

"Mheshimiwa, nimekuja kwa ajili ya ule mkataba wetu."

"Mkataba gani?"

"Wa milango."

"Milango ipi?"

"Huo hapo nyuma yako ni mmojawapo."

Lugome aligeuka akautazama mlango kama mtu anayetambulishwa kwa shemeji asiyemjua. "Huu tuliukuta," alinong'ona. Kisha akasogeza kiti karibu, akauliza kwa upole wa daktari, "Fundi, nani kakutuma?"

Chande alitoka pale. Njiani alijiuliza, kwa mara ya kwanza, kama kweli hakuna aliyemtuma.

Alipofika masjala ya mahakama kufungua shauri la kuvunjwa kwa mkataba, karani aliomba kuuona mkataba wenyewe.

"Ulikuwa wa mdomo, mwanangu."

"Mahakama haipokei mdomo. Lete maandishi."

"Sheria ya Kuaminiana inakataza maandishi."

"Safi, kumbe sheria unaijua. Basi lete kibali cha kukosa maandishi."

"Kinaombwa vipi?"

"Kwa maandishi," alisema karani, akafunga dirisha.

Wakili mmoja tu alikubali kumsimamia, jina lake Nyagawa, na kule kukubali kwake tu kulimtia Chande wasiwasi. Ofisini kwa Nyagawa chai ililetwa kabla mtu hajaiagiza. Wakili mwenyewe alizungumza akitazama ukuta, na kila mara kabla ya kutaja jina la mtu alikohoa. Lakini sheria aliijua, na akamtafutia mteja wake ruhusa ya kuleta shahidi badala ya karatasi.

"Ili tuthibitishe kwamba mkataba ulikuwepo," aliuambia ukuta, "tuonyeshe kwamba ahadi ilitolewa, kwamba ilikubaliwa, na kwamba kila upande ulikuwa na kitu cha kutoa. Nani mwingine alisikia?"

"Mke wangu, Siwema."

Nyagawa akakohoa. "Unamwamini?"

"Ni mke wangu huyo!"

"Sikukuuliza ni nani wako. Nimekuuliza kama unamwamini."

Swali lile Chande alirudi nalo nyumbani kama kibanzi kilichomwingia chini ya ukucha. Kwanza alimwona fundi redio ambaye alikuwa ameweka meza mkabala na karakana. Alikuwa na bisibisi, alikuwa na miwani, lakini redio hakuwa nayo. Kisha akaona kwamba majirani wakimsalimia hujibu wenyewe salamu zao na kupita upesi. Kisha akaingia jikoni akakuta sufuria mpya kubwa, inayong'aa, ya aina isiyouzwa Kwa Mapande.

"Imetoka wapi hii?"

"Nimepewa na Umoja wa Mama Waaminifu," alisema Siwema, akiendelea kuosha mchele. "Walikuja kunijulia hali."

"Hali yako ina nini?"

"Hata mimi niliwauliza hivyo hivyo."

Hakusema zaidi, na Chande hakuuliza zaidi. Huko Nyamazia mtu akinyamaza ana sababu, na akisema ana sababu mbaya zaidi. Tangu siku hiyo akaanza kumchunguza mke aliyezaa naye na kuzika naye. Akimsikia anaimba alijiuliza anafurahia nini. Akiacha kuimba alijiuliza kaogopa nini. Akamtega kwa maswali.

"Hivi siku ile Lugome alikunywa kahawa na sukari?"

"Mbona wanihoji, baba Mwaka? Unanihoji kwa niaba ya nani?"

Hapo naye Chande akashtuka, kwani aliona mkewe anamwangalia kwa jicho lile lile. Alinunua kufuli, akalifunga kwenye kabati la vifaa vyake.

"Hili la kumzuia nani?" aliuliza Siwema.

"Wezi."

"Ndani ya nyumba tumo wawili tu," alisema Siwema, akatoka akaenda kukaa barazani peke yake.

Siku ya shauri ukumbi wa Kasri la Haki ulijaa. Nusu ya waliohudhuria walikuja kusikiliza, na nusu nyingine walikuja kuwaangalia waliokuja kusikiliza. Mlango mkubwa wa mninga ulifungwa bila kutoa sauti, na Chande, hata katika hali ile, aliona fahari kidogo. Jaji Semwaiko aliketi chini ya picha ya Baba wa Imani.

Lugome aliitwa wa kwanza. Alinong'ona kwamba ni kweli alifika karakana, lakini alifuata kahawa tu, kwa kuwa viongozi wa Nyamazia hawajitengi na wananchi. Kushikana mikono kulikuwa kwa ajili ya kusawazisha mwili, maana sakafu ina maranda ya mbao na inateleza.

"Na milango ilifikaje hapa?" aliuliza Nyagawa, akiutazama ukuta.

Wakili wa Serikali alisimama. "Mheshimiwa Jaji, fundi huyu alipita hapa na milango yake wakati wa ujenzi, akaiegesha, akaisahau. Watu husahau miavuli."

"Akasahau mpaka bawaba?" Nyagawa aliuliza.

"Usahaulifu wake ni wa kiwango cha juu. Ni fundi hodari, hata sisi tunakiri."

Jaji aliandika. Watu hawakucheka. Mmoja alikohoa, akaandikwa jina.

Kisha akaitwa Siwema. Alikuwa amevaa gauni lake la sikukuu, na alipopanda kizimbani hakumtazama mumewe. Wakili wa Serikali alimwendea akitabasamu.

"Mama, si kweli kwamba ulipokea sufuria kutoka kwa Umoja wa Mama Waaminifu?"

"Kweli. Nimeshaipikia wali, na haishiki chini."

"Na kwamba ulipoipokea ulikubali kusahau mambo ya siku ile?"

Siwema alimtazama kama anayetafuta kijiwe kwenye mchele. "Nilikubali? Basi huo nao ulikuwa mkataba. Uko kwenye maandishi? Kuna aliyesikia? Thibitisha kwamba ulikuwepo."

Zile siku zote za kumtega, lile kufuli, vyote vilimrudia Chande kwa pamoja akatamani sakafu impokee.

Jaji Semwaiko aligonga meza. "Bibi, kabla hujaendelea, Mahakama inakuonea huruma na inakueleza sheria. Maneno ya kiongozi ni mali ya Serikali. Mtu akiyahifadhi kichwani bila idhini, huo ni udukuzi, na udukuzi kifungo chake ni kirefu. Kwa hiyo ukikumbuka, utakwenda jela. Usipokumbuka, mkataba haukuwepo. Chagua kwa uhuru kamili. Unakumbuka?"

Askari wawili walisogea karibu na kizimba, mmoja akiwa ameshatoa pingu.

Sasa Siwema alimgeukia mumewe. Hakuwa akilia wala akitetemeka. Chande alimfahamu mke wake kwa mdomo ule uliokazwa, akajua kwamba anakumbuka kila neno, na kahawa, na kikombe kilivyowekwa chini, na kwamba atasema. Alifikiria kile kiwanja, baba yake alivyokifyeka kwa mikono. Kisha akasimama.

"Mheshimiwa Jaji, mke wangu hakumbuki."

"Baba Mwaka, kaa chini," alisema Siwema.

"Hakumbuki chochote. Nimeacha shauri. Mkataba haukuwepo."

"Nimesema kaa chini!"

Lakini askari alikuwa ameshamteremsha Siwema, na Jaji alikuwa ameshaanza kuandika hukumu, kwa sababu Mahakama ya Nyamazia ilikuwa mahali pekee nchini ambapo Serikali iliruhusiwa kuandika. Aliisoma kwa sauti nzito. Mkataba haukuwepo jana, haupo leo, na raia wote wanaombwa wasiuone kesho. Lugome alikuja kunywa kahawa. Na milango yote ya Kasri iliachwa pale na fundi Chande Mbwera kwa kusahau.

Chande alinyanyua mkono. Hakuwa na hila yoyote, alikuwa mtu aliyechoka anayetaka kuelewa. "Samahani, Mheshimiwa. Kitu kilichosahauliwa huwa ni cha nani?"

"Cha aliyekisahau, bila shaka," alisema Jaji kwa ukali. "Hii ni nchi ya sheria."

"Naomba na hilo liandikwe."

Jaji, aliyekuwa na njaa na hakupenda kubishana wakati wa chakula, aliandika, akagonga mhuri wenye uso wa Baba wa Imani.

Kesho yake asubuhi Chande na Siwema walifika Kasri na mkokoteni, bisibisi na nakala ya hukumu. Walikuwa hawajasemezana tangu mahakamani, isipokuwa Siwema kuuliza kama bawaba zifunguliwe za juu kwanza au za chini. Mlinzi aliisoma hukumu, akampigia simu mkubwa wake. Mkubwa hakuuliza hukumu inasema nini. Aliuliza nani kamruhusu mlinzi kusoma. Mlinzi aliogopa, akaweka simu chini, akageuka upande wa pili, na mpaka jioni milango yote ilikuwa imeshaondoka, kuanzia ule mkubwa wa mbele hadi wa choo cha majaji.

Serikali ilitaka kuchukua hatua mara moja, lakini ikakwama. Kutengua hukumu kulihitaji majaji washauriane kwa siri, na pa kushauriana kwa siri hapakuwapo tena. Mafundi wengine waliitwa watengeneze milango mipya, wote wakaugua mgongo kwa wakati mmoja. Na huku nyuma, sauti zikaanza kutoka.

Mwanzoni wapita njia walidhani ni redio. Kisha wakatambua kwamba ni Jaji Semwaiko, anampigia simu mtu kuuliza kesi ya mchana iamuliweje. Wakasikia Wakili wa Serikali na Wakili Nyagawa wanagawana karanga, Nyagawa akisema bila kukohoa hata kidogo kwamba wateja wake hawajawahi kushtuka kuwa yeye ni mtu wa Serikali. Watu wakaja na mikeka. Wakaja na watoto wachanga. Wauza maji na mihogo wakapanga meza zao kando ya ukuta, na yule fundi redio wa Kwa Mapande alihamisha meza yake hapo, akasikiliza kuliko wote, na mara nyingine alisahau kujifanya anarekebisha kitu.

Maofisa waliokuwa wamezoea kunong'ona walinong'ona zaidi. Lakini Kasri lilikuwa limejengwa kwa marumaru tupu, na mnong'ono ulizunguka kuta zile ukatoka nje mkubwa kuliko ulivyoingia. Hivyo ndivyo mji mzima ulivyomsikia Lugome, kwa sauti yake ile ndogo, akigawa viwanja vya Kwa Mapande: cha seremala kwa shemeji yake, cha kona kwa Jaji, vilivyobaki kwa Umoja wa Mama Waaminifu.

Siku iliyofuata lile gari jeusi lilisimama tena karakana. Milango ya Kasri ilikuwa imepangwa uani hadi ukutani. Lugome alishuka peke yake, akatazama huku na huku, akaelekea ndani.

"Hapana, Mheshimiwa," alisema Chande. "Leo tuongee hapa nje."

Alitoa kiti akakiweka barabarani. Majirani walikuwa wameshaanza kutoka majumbani. Walisimama mbali, mikono imefumbatwa, na Chande aliona wanamtazama yeye kwa shaka kuliko walivyomtazama Lugome. Kila mmoja alikuwa na X yake ukutani, na kila mmoja alijua bei ya mtu mmoja ni ndogo kuliko ya mtaa.

Lugome aliinama sikioni kwake. "Hati yako ninayo garini," alinong'ona. "Rudisha milango leo, uichukue. Hawa wengine hawakuhusu."

Chande alimtazama Siwema. Alikuwa amesimama kizingitini na birika mkononi, na safari hii hakumpa mgeni kahawa. Alingoja, kama mtu anayetaka kujua ameolewa na nani.

"Mheshimiwa, rudia kwa sauti," alisema Chande. "Hawa nao wasikie."

"Sina sauti kubwa, fundi."

"Tutasubiri."

Lugome alijikohoza. Jasho lilimtoka shingoni. "Nimesema... hati ya fundi ipo."

"Mtaa mzima," alisema Chande. "Hati za mtaa mzima kwanza, ndipo milango. Na useme mbele yao, wakusikie wote, ili mkitaka kufunga kila anayekumbuka mjenge kwanza jela ya kuwatosha. Na hiyo jela itataka milango."

Mtu mmoja alicheka. Kisha akacheka mwingine, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na hakuna aliyegeuka nyuma kumwangalia.

Mkurugenzi wa Ufunguzi na Ufungaji alivuta pumzi, akaahidi. Ilitoka sauti nyembamba, ya kukwaruza, kama ya mtu aliyeazima koo la mwingine, lakini ilifika mpaka kwa muuza mkaa wa mwisho wa mtaa, naye akajibu kwa kelele, "Tumekubali!" Wakajibu wote.

Lugome alijifuta uso. Aliposimama kuondoka alionekana ameumia kwelikweli, kama mzazi aliyekosewa adabu. "Chande," alisema, akirudia ule mnong'ono wake, "yote haya ya nini? Ina maana wewe huniamini?"

Kwa sheria ya Nyamazia swali lile lilikuwa na jibu moja tu, na jibu lingine lilikuwa na kifungo. Chande alihisi mkono wa Siwema umeshika wake, umelowa maji ya birika, umekaza.

"Sikuamini, Mheshimiwa," alisema kwa sauti ambayo hata nje ya mtaa ilisikika. "Hata kidogo."